Jirani wa Mashine za Mfuniko

Kila asubuhi tulikuwa wawili pale bombani, yeye na karai lake, mimi na langu, tumechuchumaa tukifua kwa mikono. Nyuma yetu, chini ya mabati, zilipangwa mashine za kufulia nguo. Siyo moja. Safu nzima, zimefunikwa vitenge kama akina mama wa harusini wanaosubiri kuitwa chakula. Mimi nafua nguo za mapacha wangu nimeuma meno, yeye anafua kanzu yake anaimba puani, na mashine zinatutazama tu. Mtu mwingine angenisimulia hayo ningesema anatunga. Lakini ndivyo nilivyoishi mtaa wa Bwiza, parseli moja na yeye, yaani uwanja mmoja, ukuta kwa ukuta, tangu nilipoolewa.

Jina lake sitaji. Hakuna hata aliyelitumia. Watoto wa mtaa walimwita Mzee Mashini, wanaume wa kwenye kahawa walimwita Fundi ingawa hakuna aliyewahi kutengenezewa kitu naye, na mimi nilimwita Jirani, kwa sababu nikiwa na hasira ndilo neno la heshima lililokuwa linabaki mdomoni. Na hasira nilikuwa nayo. Zaa mapacha, uambiwe na kila mtu kwamba ni baraka, halafu baraka yenyewe ichafue nepi kabla hujamaliza kuanika za jana, ndipo uje tuongee.

Tena hasira yangu ilikuwa na ushahidi: mikono. Ngozi ya vidole ilipasuka, sabuni ikawa inaingia kwenye nyufa, nikawa napiga kelele bombani kama mtu aliyeumwa na nge. Muuguzi wa dispensari aliigeuza mikono yangu huku na huku, akasema, "Mama, acha kufula." Kama vile nilimwambia ni mchezo ninaoupenda. Baba yao akasema atatafuta mtu wa kunisaidia. Bado anatafuta. Kwa hiyo nilitaka mashine. Moja tu. Na mashine zilikuwa hapo hapo, ningeweza kuzitemea mate, na siku nyingine nilitamani.

Zote zilikuwa za kizamani, za kufungulia juu. Jirani hakutaka kusikia habari ya nyingine. Zile za siku hizi, zenye mlango wa kioo kwa mbele, aliziita "dirisha", na akilitamka neno hilo alikuwa anapangusa mdomo.

"Sufuria inafungukiaka wapi?" aliniuliza siku moja.

"Juu."

"Umeshaona mutu anapika na sufuria iko na mulango kwa tumbo?"

"Apana, Jirani."

"Basi. Dirisha ni ya watu wanapenda kuangalia. Nguo haitakatake kwa kuangaliwa."

Katika hilo, inaniuma kukubali, alisema kweli. Mtaa wetu bomba likikauka linakauka, na umeme unaondoka bila kuaga. Mashine ya dirisha bila maji ya bomba ni kabati. Umeme ukikatika katikati ya kazi, inafunga mlango na nguo zako zimo ndani, unaziona, huzipati. Mashine ya mfuniko wa juu unaifungua unavyotaka, unaimwagia ndoo ya maji kichwani, umeme ukirudi inaendelea palepale ilipoachia. "Huyu ni mutu ya hapa," alikuwa anasema akiipigapiga moja begani. "Anajua kungoja."

Alizijua kama watu wanavyojua wakwe zao, yaani kwa sura, kwa sauti na kwa ubaya. Vibao vya majina vilikuwa vimeng'oka zamani, hakuvihitaji. Mbeleji, yaani mashine ya Ubelgiji, alisema, ni mwembamba, anapita kwenye mlango wa choo bila kugusa, lakini usijaribu kumbeba peke yako: ndani ya tumbo ana jiwe la zege la kumtuliza asirukeruke. Ukifungua mfuniko wake unakuta pipa limelala kiubavu, nalo lina vijimlango viwili vinavyobana kama mkoba wa mama wa kanisani. Mwamerika ni mpana, anachukua nafasi ya watu wawili kwenye benchi. Ukimfungua unaona nguzo imesimama katikati na mabawa, hiyo ndiyo inayozisokota nguo. Umeme wetu haumfai, lazima apewe transfo yake pembeni, kile kisanduku cha kupunguza nguvu ya umeme. "Anakula chakula ya kwao tu," alisema Jirani, na hakuonekana kumlaumu. Mjapani ana matumbo mawili, moja la kufua, moja la kukamua, na akikamua anatembea uwanjani hadi waya umrudishe.

Umri wa mashine alikuwa anausoma chini ya mfuniko. Wazee wa kweli, alisema, wamepakwa ile rangi ya kioo iliyochomwa motoni, kama kikombe cha bati cha bibi yako. Anagonga kwa ukucha: ikilia kama kikombe, huyo ni mzee. Ikilia kama mlango wa duka, huyo ni wa juzi. Isipolia kabisa ni plastiki, na hapo alikuwa anaondoka bila salamu. Halafu saa, kile kitufe cha kuzungusha kinachotoa sauti tik-tik-tik. Ole wako ukikizungusha kinyume. Nilikigusa siku moja kwa udadisi tu, nikakirudisha kushoto, na mzee yule ambaye kwenda msikitini kulimchukua nusu ya mchana akavuka uwanja kama paka, akiniita kwa jina alilonipa la mama wa mapacha.

"Mama Mapasa! Saa ya mashini hairudiake nyuma! Unataka kumuvunja meno?"

"Nilitaka kuanza upya."

"Nani anaanzaka upya? We umeshaanza upya? Zungusha mbele mupaka ifike."

Nilikwenda ndani nikakaa kitandani na hasira zangu. Sentensi ile ilinifuata wiki nzima, na hakuna kitu kibaya kama kufuatwa na sentensi ya mtu uliyemkasirikia.

Mapenzi yake hayo hayakujua adabu. Tulikwenda pamoja kwenye kilio cha mtu wa mtaa aliyekuwa amehamia kwa watoto wake, nyumba kubwa, viti vya kukodi, wanaume wanasoma dua upande mmoja. Jirani akapotea. Tulimtafuta, tukamkuta chumba cha nyuma amepiga magoti, sikio ameliweka kwenye mashine ya wenye nyumba, macho amefumba. Wana wa marehemu wakadhani ni uchungu. Wakamshika mabega, wakamletea maji, mmoja akasema hakujua baba yao alipendwa hivi. Jirani akanywa maji yote, akafuta macho, akasema, "Alikuwa mutu muzito." Njiani nikamuuliza alikuwa anamsema nani. "Mubeleji," akasema. "Beringi inaenda kufa, na hawajui."

Sasa nieleze lile lililoniudhi kuliko yote. Mtu huyu aliyezijua mashine hivi hakuwahi kufulia hata leso ndani yake. Hata siku moja! Alikuwa anainuka alfajiri, anachota maji, anasugua kanzu kwa mche wa sabuni mpaka vidole vinakuwa vyeupe, halafu anaianika juu ya kamba akiitengeneza mikunjo kama anamvisha mtoto. Nikamwambia, Jirani, unalala njaa ghalani?

Akaniangalia kama nimetukana. "Hawa wako mu pensheni," akasema. "Wamefanya kazi maisha yao yote. Babu yako akiwa mu pensheni, utamurudisha kubeba mifuko ya simenti?"

Mvua za masika ziliponyesha kwa nguvu, paa lake likavuja, akaja kuniazima turubai. Nikampa haraka, nikijua kitanda chake kiko chini ya tundu. Asubuhi nikaliona turubai langu limemfunika Mwamerika mpaka miguuni, na Jirani mwenyewe anakohoa. "Transfo yake inaogopaka baridi," akasema. Yeye haogopi? "Mi niko na blanketi." Nilichemsha tangawizi, nikampelekea, nikamtukana njia nzima ya kwenda na ya kurudi.

Kuuza alikuwa anauza, alisema. Mwongo. Yaani, alikuwa tayari kuuza, ila kulikuwa na mtihani. Mtu akija kutaka mashine, Jirani anamfunga macho kwa kilemba chake mwenyewe, anamshika mkono, anautia chini ya mfuniko, halafu anauliza maswali yake matatu: ametoka wapi, alifanyaka kazi gani, anaumwa nini. "Utaoa mutu haumujue?" ndiyo sababu aliyoitoa. Wafanyabiashara walikuja na haraka zao wakaondoka nazo. Mama mmoja wa hoteli alitoka anacheka, akasema alikuja kununua mashine, kumbe ameletwa kuposa.

Mimi nilifanya mtihani ule mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka. Nilifaulu mtihani wa taifa, hesabu na yote, nikaanguka kwenye mfuniko. Nilikuwa naitaka ile nyeupe ya mwisho, safi, inang'aa, haina hata mkwaruzo. Pembeni yake kulikuwa na moja mbaya, rangi ya chai iliyolala, mdomo una kutu. Juu yake nilikuwa naweka sufuria zangu, nikidhani ni maiti. Jirani hakunikataza kuweka sufuria. Alinikataza tu kuweka za moto.

"Ametoka wapi?"

"Sijui. Ubeleji."

"Umebahatisha. Alifanyaka kazi gani?"

"Kufula nguo, Jirani! Ni mashini ya kufula nguo!"

"Nguo ya nani?"

Hapo ndipo nilipokuwa natoa kilemba. Maana kwake kila mashine iliwahi kuwa na watu. Alikuwa na kopo la maziwa la zamani, ndani yake vifungo, sarafu za nchi zisizojulikana, vibanio vya nywele, vyote alivitoa chini ya mapipa yao. Huyu alifulia shule ya masista, tazama vifungo. Huyu alikuwa wa mwanamume anayeishi peke yake, hakuna kitu ila sarafu na gamba la njugu. Ile mbaya ya sufuria zangu ilikuwa na pini za nepi, nyingi, zimeota kutu. "Huyu amelea watoto," alisema akizirudisha koponi. "Huyu ni kama we."

"Mbaya kama mimi?"

"Nimesema amelea. Mubaya umesema we."

Siku mikono ilipotoa damu kwenye shuka la mtoto, nilimfuata hadi mlangoni kwake, nikamwita atoke. Nilikuwa nimebeba wasichana wangu wawili, mmoja kila upande.

"We unajua mashini kwa ukucha. Haya. Nani ni Bukuru, nani ni Butoyi? Ukipatia, nitafanya mutihani yako mpaka nife. Ukikosa, unanipa mashini leo."

Akawaangalia. Akainama. Akawaangalia tena, na naapa kidole kilimtoka kutaka kugonga. Walikuwa wamezaliwa wakilia ukutani kwake, aliwasikia kila siku ya maisha yao.

"Huyu Bukuru," akasema.

"Butoyi!"

"Lakini hawana alama! Wametoka fabriki moja, mwaka moja!"

"Nipe mashini."

"Apana. Nimekosa mi, haiko mashini imekosa."

Nikarudi bombani. Sikumsemesha mpaka Ijumaa, na Ijumaa nilimsemesha kwa sababu tu alipita na kanzu yake nyeupe, amejinyoosha, na kabla ya kwenda kuswali akazipungia mkono mashine zake moja moja, halafu akanipungia na mimi, wa mwisho kwenye safu. Utamkasirikia vipi mtu kama huyo? Nilijaribu. Nilifanikiwa mpaka saa ya chakula.

Kisha binti yake akaja kumchukua. Huyu binti anaishi Kinanira, kule kilimani, ana kazi nzuri na gari, na macho ya baba yake yalikuwa yanaisha; mzee alikuwa amemwaga chai nje ya kikombe mbele ya wageni. Kuhama alikubali. Kuhusu mashine hakuulizwa. Asubuhi ya kuondoka lilikuja lori la watu wa chuma chakavu kutoka upande wa viwandani, wanaume wawili na kamba, wakaanza kung'oa mabomba ya mashine na kuzivua vitenge.

Nilitoka na povu mkononi. Jirani alikuwa ameshakaa ndani ya gari la binti yake, kioo kimefungwa, anaangalia mbele.

"Unawapa watu wa chuma?" nikamwambia binti. "Zote?"

"Mama, niziweke wapi? Kwangu hakuna nafasi." Hakuwa mtu mbaya. Aliniangalia mikono, akalegea. "Chukua moja. Lakini upesi, hawa wanalipwa kwa safari. Chukua ile nyeupe, ni nzuri."

Nyeupe! Niliikimbilia. Nikainua mfuniko, nikatia mkono, nikasukuma pipa. Na hapo nikasikia kitu ambacho miaka yote sikukisikia kwa sababu nilikuwa nasikiliza hasira zangu: pipa lilikuwa linasaga. Kama maharage yenye mchanga mdomoni. Beringi zimekufa. Niligonga mfuniko kwa ukucha, ukalia kama mlango wa duka. Uzuri wote ule ulikuwa rangi.

"Madamu, tubebe?" akauliza mmoja wa wanaume.

"Ngoja!"

Niligusa Mjapani, mpira wake unanuka kuungua. Mwamerika, transfo walikuwa wameshaitupa juu ya lori. Nikafika kwenye ile mbaya. Nikaondoa sufuria zangu. Nikafumba macho, sijui kwa nini, hakuna aliyenifunga. Pipa likazunguka kimya, likaendelea kuzunguka baada ya mkono wangu kutoka. Nikazungusha saa, mbele, tik-tik-tik, meno yote yapo.

"Hii," nikasema.

Wanaume walicheka. "Madamu, hii ni feraye kabisa, chuma ya kutupa tu!"

Binti akasema, "Mama, una hakika?"

Kioo cha gari kikashuka. Jirani hakugeuza shingo. Aliuliza akiangalia mbele, kwa sauti ile ile ya mtihani.

"Ametoka wapi?"

"Ubeleji. Iko na jiwe mu tumbo, na vijimlango viwili kama vya mkoba."

"Alifanyaka kazi gani?"

"Nepi."

"Anaumwa nini?"

"Mukanda. Umelegea, pipa linazunguka bure, halikamatwe na motere."

Nilingoja. Lori lilingoja. Kioo kikapanda. Binti akawasha gari, wakaondoka, na yule mzee hakunipungia mkono wala hakusema nimefaulu au nimeanguka. Nilisimama uwanjani na mashine yenye kutu na povu linalokauka mikononi, nikatamani kumkimbilia nimpige na karai.

Mkanda nilibadilishiwa hapo hapo Bwiza. Mashine ikafanya kazi. Inafanya kazi. Inanguruma kama mzee aliyeamshwa, inafua, inakamua, bomba likikauka naimwagia ndoo, na vidole vyangu vimeota ngozi mpya. Pensheni yake nimeivunja, na haijalalamika.

Nilikwenda Kinanira juzi juzi. Nilipanda kile kilima na mkoba wangu, nikafunguliwa geti, nikaonyeshwa nyuma. Nikamkuta Jirani amekaa kwenye kigoda mbele ya mashine ya binti yake. Ya dirisha. Kanzu yake ilikuwa inazunguka ndani ya kioo, na yeye ameisogelea kabisa, pua inakaribia kugusa.

"Jirani! Dirisha?"

Alishtuka kama aliyekamatwa na chungu cha watu. Hakunitambua mpaka nilipoongea mara ya pili. "Mama Mapasa. Niko nachunga adui."

"Unamuchunga au unamuangalia?"

"Iko polepole," akasema, amekasirika kwa niaba ya kanzu. "Iko na taa. Inaimbaka ikimaliza, kama toto ya shule. Haina aibu." Na hakuondoka kwenye kigoda.

Tulikunywa chai. Akaniuliza habari za parseli, za kahawa, za bomba. Habari ya mashine hakuuliza. Mtu mwenye kiburi! Basi nikatoa simu. Nilikuwa nimerekodi nyumbani, asubuhi, mashine ikifua. Sikumwambia ni nini. Nikamwekea sikioni.

Alifumba macho. Uso ukawa ule wa kilioni.

"Mukanda ni mupya," akasema. "Muguu moja haigusi chini, weka kipande ya mbao. Na unajaza nguo mingi sana, anahema." Nilitaka kujibu, akaninyamazisha kwa kidole, maana ndani ya simu, nyuma ya mngurumo, mtoto alikuwa ameanza kulia. Mmoja wa wasichana, nilikuwa nimeshasahau kama sauti yake imo. Akalia, akalia, akanyamaza.

Kidole cha Jirani kilibaki juu.

"Butoyi," akasema.

Nikamuuliza amejuaje.

"Bukuru akilia anapandaka," akasema. "Huyu anaanzia juu, anashuka, anashuka, kama mashini inamaliza kukamua."

Alikuwa Butoyi. Nilimnyamazisha mimi mwenyewe, kwa mkono huu.

Alinigeuzia uso, macho yake yakinitafuta kidogo pembeni ya mahali nilipokuwa. "Nimefaulu?"

Nilirudisha simu kwenye mkoba. Nikafunga mkoba, vijimlango vyake viwili, tak. Nikamwambia chai ilikuwa tamu, nikamuaga kwa heshima zote, nikashuka kilima bila kugeuza shingo. Hadi chini bado nilikuwa nasikia anapiga kelele getini, "We Mama Mapasa! Nimefaulu ao sijafaulu?"